Kisu cha kukunja cha babu chenye picha ya mfalme (1937): nimepewa laki na nusu, niuze?

#1 MwanaMuheza
Wakuu, habari za jioni. Nahitaji wanaojua vitu vya kale.

Tulikuwa tunagawa vitu vya marehemu bibi huko Muheza. Chini kabisa ya sanduku la kanga nikakuta kisu kidogo cha kukunja kimeviringishwa kwenye kitambaa. Kilikuwa cha babu, aliyekuwa karani wa shamba la mkonge enzi za Mwingereza. Kina mabapa mawili, kubwa na dogo, na kikifungwa kinalingana na kidole changu cha kati. Mpini ni mweupe ulioingia unjano, kama pembe hivi. Upande mmoja kuna picha ya mwanamume ndani ya duara, hana ndevu, kavaa kijeshi, na chini yake CORONATION MAY 1937 (yaani kuvishwa taji, Mei 1937). Upande wa pili maandishi yamefutika, nasoma "& CO" tu. Kwenye chuma: STAINLESS SHEFFIELD ENGLAND.

Kuna jamaa anazunguka Tanga akinunua redio za mbao, saa za ukutani na takataka kama hizo. Kanipa laki na nusu taslimu, atarudi Jumamosi. Sasa mimi nikiona mtu hajabishana bei naanza kujipapasa mifukoni. Thamani yake hasa ni ngapi? Na kilimfikiaje karani wa mkonge?

#2 Chuma_Chakavu
Laki na nusu kwa kisu cha kumenyea chungwa? Mpigie leo. Jumamosi mbali.

#3 Mkunazini
Usiuze ndugu yangu! Mei 1937 ni Edward wa Nane, yule mfalme wa Uingereza aliyeacha ufalme kwa ajili ya mwanamke. Hana ndevu, yuko peke yake, nani mwingine? Vitu vyake ni adimu kwa sababu hakuvishwa taji kabisa. Hapo una mamilioni mkononi. Huyo jamaa anajua anachokitafuta.

#4 DadaLeicester
Mkunazini, nusu umepatia. Edward alirithi Januari 1936, akaachia kiti Desemba mwaka uleule. Siku ya taji ilishapangwa, 12 Mei 1937, na viwanda havikungoja: vikombe, sahani, makopo ya biskuti, visu, vyote vilikuwa tayari na vimeshamwagwa madukani. Alipoondoka, mdogo wake George wa Sita akavishwa taji siku ileile. Kwa hiyo "May 1937" haikwambii ni nani. Anaweza kuwa kaka, anaweza kuwa mdogo mtu.

Na huo uadimu ni hadithi tu. Watu walisikia kaacha kiti, wakavificha vikombe vyake makabatini ili wajukuu watajirike. Wajukuu wenyewe ndio sasa wanavitoa, na huku kwenye magulio ya vitu vya zamani hukosi cha kwake. Mimi changu nilikipata kwa bei ya chai na keki.

Mleta uzi, tazama kichwa. Mwenye ndevu, mara nyingi ni George wa Tano (taji 1911, au jubilei ya fedha 1935). Asiye na ndevu na yuko peke yake, mara nyingi Edward. Asiye na ndevu na kuna mwanamke pembeni, George wa Sita na mkewe. Mwanamke kijana peke yake ni Elizabeth, taji la 1953.

#5 SentiYaTundu
Naunga mkono #4, na ushahidi uko kwenye makopo ya bibi zetu. Senti kumi ya tundu ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, isome vizuri: nyingi zina jina la Edward wa Nane. Sarafu ya tundu haina sura ya mfalme, kwa hiyo hawakuwa na picha ya kusubiri, wakaifua tu. Ninazo kumi na moja. Zote pamoja hazinunui hata chakula cha mchana cha maana.

#6 Mkunazini
Haya, nimerudi nyuma hatua moja. Sijakaa chini lakini.

#7 FundiKibokoni
Nilikaa na fundi wa saa na visu hapa Mombasa miaka sita, nikibeba sanduku lake. Mfalme si wa kwanza kutazamwa. Fungua bapa kubwa, angalia pale linapoingia kwenye mpini, kile kipande kisicho na makali. Hapo ndipo kiwanda kinapopiga mhuri wake. Ukikuta nyota na msalaba ni Joseph Rodgers. Ukikuta I*XL ni George Wostenholm. Hao wana wanunuzi hata bila picha ya mtu yeyote. Ukikuta Sheffield England (mji wa visu huko Uingereza) bila jina la kiwanda, ni kazi ya jumla iliyopakwa picha, na picha ndiyo inayouzwa.

Neno ENGLAND lilianza kupigwa kwa wingi baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 iliyotaka bidhaa ya nje itaje ilikotoka. STAINLESS haiwezi kuwa kabla ya 1913, mwaka Harry Brearley alipopata chuma kisichoshika kutu hukohuko Sheffield. Yako yote mawili yanapatana na 1937, hayagombani.

Halafu tazama bapa limeliwa kiasi gani. Kisu kilichonolewa miaka mingi huwa kimekonda tumboni, ukikifunga ncha inakaa chini sana au inachungulia nje. Bapa lililojaa ndilo lenye bei. Kifungue na kukifunga: springi nzuri inalia "tak" mara mbili, kikiwa kinajilegeza kama mlango wa choo cha stendi, toa nusu ya bei. Angalia pia kama mabapa yote yana mhuri mmoja, maana mafundi (sisi) tulikuwa tunahamisha bapa kutoka kisu hiki kwenda kile.

Na usikisugue na chochote. Tone la mafuta ya cherehani, kitambaa, basi.

#8 MwanaMuheza
Mkuu #7, hapo kwenye kusugua. Nilishapitisha Brasso, ile dawa ya kung'arishia chuma, jana usiku.

#9 Chuma_Chakavu
Hahahaaa. Laki na nusu imekuwa themanini.

#10 FundiKibokoni
Inna lillahi. Chuma tu, au na mpini?

#11 MwanaMuheza
Na mpini. Kitambaa kilitoka na wekundu na buluu kidogo. Nikajua uchafu.

#12 DadaLeicester
Uchafu wa rangi ya bendera ya Uingereza? Kaka, hiyo ndiyo picha yenyewe. Kiweke juani, kilaze, ukitazame kwa ubavu. Kuna alama ya duara jingine karibu na hilo la mfalme?

#13 MwanaMuheza
Lipo. Duara kama lile, upande wa kulia, tupu kabisa. Sina hakika kama kabla ya Brasso palikuwa na mtu. Nimewapigia wakubwa. Shangazi anasema siku zote alikuwa mwanamume mmoja, na wao wakimwita "bwana shauri". Mjomba anaapa kwamba wakiwa watoto palikuwa na mzungu mwanamke mwenye mkufu. Wamegombana kwenye simu.

#14 SentiYaTundu
Kwa hiyo malkia kafutwa. Swali ni nani kamfuta, wewe na Brasso au babu na kidole gumba chake miaka thelathini.

#15 Mkunazini
Au hapakuwa na mtu, palikuwa na nembo. Bendera, taji, tarehe. Mimi bado niko kwa Edward.

#16 KijanaWaGikomba
Hapa Gikomba vinakuja ndani ya marobota ya mitumba, mifukoni mwa makoti. Nimeshapata vitatu hivi. Kimoja kilikuwa na picha ya George na malkia, mpini wa bati lililochapwa. Nilimuuzia mzungu mmoja kwa shilingi elfu moja mia tano za Kenya, akanishukuru kama nimempa figo. Baadaye nikaona kama kile mtandaoni kinauzwa mara mbili ya hiyo. Sikulia, nilikitoa kwenye koti la mia mbili.

#17 MzeeWaMwambao
Vijana, mmeruka mpini. Mtoa mada kasema ni kama pembe. Nusu ya historia ya pwani hii imo hapo. Pembe za ndovu zilizoshuka kutoka bara hadi Bagamoyo na kuvushwa Unguja hazikuwa za kupamba masultani tu, zilikwenda Bombay, London na Marekani, zikawa vitufe vya piano, vitana, mipira ya biliadi na mipini ya visu. Rodgers wa Sheffield walijulikana kwa ghala lao la pembe. Inawezekana kabisa ndovu aliondoka Tabora mabegani mwa mpagazi akarudi Muheza ndani ya mfuko wa karani.

#18 Chuma_Chakavu
Mzee umenitoa machozi. Ila sasa kama ni pembe ya kweli, mleta uzi futa uzi, zima simu, hama mkoa.

#19 DadaLeicester
Chuma anatania lakini si utani. Kuuza pembe ya ndovu Tanzania au Kenya ni kesi, hata kama ndovu alikufa kabla ya babu kuzaliwa. Huku Uingereza nako sheria ya pembe ya 2018, iliyoanza kazi Juni 2022, imefunga karibu biashara yote. Kwa hiyo ukikiita "pembe" ili kupandisha bei, unakishusha hadi sifuri.

#20 Mtaalamu_wa_Mtaa
Rahisi tu. Chukua sindano, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, choma mpini. Pembe haiungui, plastiki inayeyuka.

#21 FundiKibokoni
#20 USIMSIKILIZE. Mipini mingi ya miaka hiyo ni seluloidi, na seluloidi ni ndugu wa baruti. Ukiipa sindano nyekundu utabaki na mabapa mawili na nyusi moja.

Tumia lenzi ya fundi saa. Mfupa una vidoti na vijistari vyeusi, ndimo damu ilimopita. Pembe haina hivyo, na pale ilipokatwa mkato wa kichwa unaona mistari inayokatana kama wavu. Seluloidi ya kuiga pembe ina mistari iliyonyooka, imelingana mno, kama daftari. Mungu hapigi rula.

Seluloidi ikizeeka inaoza yenyewe, inatoa mvuke mkali unaokula chuma. Kisu kimoja kibovu kwenye boksi lililofungwa kinapigisha kutu na wenzake. Kwa hiyo usikirudishe kwenye sanduku la kanga.

#22 MwanaMuheza
Nimeazima lenzi kwa fundi simu. Mistari imenyooka kama daftari. Mzee wa #17, samahani, ndovu hayumo.

#23 MzeeWaMwambao
Hayumo kwenye hicho. Historia imebaki palepale.

#24 BintiNgamiani
Naomba nidandie. Mama ana kisu kidogo cha matunda cha kukunja, mpini unang'aa kama ndani ya chaza, na bapa lenyewe si chuma, ni jeupe laini. Kina vihuri vinne: herufi, simba anayetembea, taji, na herufi nyingine. Tuliambiwa taji maana yake ni mali ya nyumba ya mfalme, kiliibwa ikulu ya gavana. Familia nzima inaamini hivyo, hata mchungaji alishauliza.

#25 DadaLeicester
Binti, iondoe familia yako kwenye orodha ya wezi. Taji kwenye fedha ilikuwa alama ya mji wa Sheffield, mpaka 1974, ndipo wakabadili kuwa waridi. Simba anasema ni fedha halali. Herufi moja ni mwaka, nyingine ni fundi. Bapa hilo ni fedha tupu, maana tindikali ya matunda ingekula chuma cha zamani na kuharibu ladha. Hicho cha mama ni bora kuliko cha mleta uzi, na hakina mfalme hata mmoja.

#26 Chuma_Chakavu
Na kikiwa na nanga ni cha manowari?

#27 DadaLeicester
Nanga ni Birmingham. Najua, hakuna bahari. Usiniulize mimi.

Ila kwa wapenda kumbukumbu: ukikuta kwenye fedha muhuri wa ziada wa vichwa viwili, mfalme na malkia, hiyo ni jubilei ya 1935. Kichwa cha Elizabeth ni taji la 1953, ulitumika miaka michache tu. Hapo kumbukumbu imo ndani ya madini yenyewe, Brasso haiigusi.

#28 MjukuuWaKAR
Mimi nina cha babu kutoka Burma. Kizito, mpini mweusi wenye mikwaruzo ya miraba, bapa moja, kifungua kopo, na msumari mrefu mgongoni, juu kitanzi cha kamba. Kimepigwa 1943 na kialama cha mshale. Kuna mtu alinambia mshale ni nembo ya KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni la askari wa Afrika Mashariki).

#29 FundiKibokoni
Mshale mpana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, si ya kikosi. Ulipigwa kwenye visu, darubini, masufuria, mpaka nguo za wafungwa. Hicho si cha ukumbusho, kilikuwa cha kazi. Na ule msumari ni wa kufungulia mafundo ya kamba. Kikiwa na jina la babu limekwaruzwa kwa mkono usilifute hata kidogo, jina ndilo linalokitofautisha na maelfu ya wenzake.

#30 MjukuuWaKAR
Limo. Jina na namba. Asante mkuu.

#31 MbongoMinnesota
Nimechelewa, huku ndiyo kumekucha. Mimi nakusanya visu vya Case, vinatengenezwa Bradford, Pennsylvania. Raha ya Case ni kwamba kisu kinasema umri wake. Mwaka 1970 waliweka vidoti kumi chini ya jina, kila mwaka wakatoa kimoja. Ukihesabu vidoti saba, ni 1973. Ilipofika 1980 wakaanza upya na vidoti kumi lakini S ya jina imechorwa kama radi. Na namba zao zina maana: 6254, sita ni mpini wa mfupa uliochongwa, mbili ni mabapa, 54 ni umbo.

Kuhusu visu vya kumbukumbu, huku kila kitu kimeshawekwa kwenye kisu. Miaka 200 ya taifa mwaka 1976 ilileta mafuriko, kila kiwanda kilitoa chake. Boksi la mbao, cheti, namba ya toleo. Wazee walivinunua wakavifungia. Wazee wanaondoka, watoto hawavitaki, vinarudi sokoni vyote pamoja. Nimenunua "toleo maalumu" na cheti chake chini ya bei iliyoandikwa kwenye boksi lenyewe. Kisu cha kazi cha miaka hiyohiyo, kisichomkumbuka mtu yeyote, kikiwa hakijanolewa, kinalipa zaidi. Kilitengenezwa ili kitumike, kwa hiyo wachache tu ndio walibaki wazima.

#32 Mkunazini
Lakini sasa kwa mantiki yako #31, cha Muheza si kilitumika? Basi ni adimu!

#33 MbongoMinnesota
Kilitumika NA kikapigwa Brasso. Huwezi kuvihesabu vyote viwili upande wa faida.

#34 NyumbaNyekundu
Turudi kwenye swali la pili, kilimfikiaje karani. Mimi nasema kile "& CO" ndicho jibu. Makampuni yaliagiza visu vya taji kwa wingi yakapigisha majina yao upande wa pili, kama leo wanavyotoa kalenda na kalamu mwisho wa mwaka. Kampuni ya mkonge, au wakala wa meli pale Tanga, iligawa kwa makarani.

#35 KijanaWaGikomba
Au alikinunua tu dukani kwa Mhindi. Mbona mtu mweusi wa zamani lazima awe amepewa kitu?

#36 NyumbaNyekundu
Hoja nzito. Ila jina la kampuni kwenye kisu cha kuuzwa dukani linafanya nini?

#37 KijanaWaGikomba
Inaweza kuwa jina la duka lenyewe. "& CO" ni nusu ya maduka yote ya enzi hizo.

#38 MtuWaMaskati
Salaam kutoka Muttrah. Huku tuna jambia, na kila jambia ina hadithi ya nani alimpa nani, hadithi ndiyo inayoanza kuuzwa kabla ya fedha ya ala. Muuzaji mzuri anakutengenezea na babu. Kwa hiyo huyo mnunuzi wa Jumamosi ukimpa kisu na hadithi ya karani, bei aliyokutajia si ya mwisho. Kinachokosekana ni karatasi. Hamna picha ya babu kazini? Barua yenye kichwa cha shamba?

#39 MwanaMuheza
Picha ipo, babu amekaa kwenye kiti, mkono mfukoni. Kisu hakionekani.

#40 Chuma_Chakavu
Kimo ndani ya mfuko. Piga hesabu, laki mbili.

#41 MwanaMuheza
Kuna jipya. Nimemuuliza shangazi tena bila mjomba kuwepo. Anasema babu hakupewa wala hakununua. Alikishinda kwenye bao, kwa baharia Mngazija, bandarini Tanga, baada ya vita.

#42 NyumbaNyekundu
Baada ya vita? Yaani miaka minane na zaidi baada ya hilo taji? Basi nadharia yangu ya zawadi imezama.

#43 SentiYaTundu
Haijazama. Kampuni inaweza kumpa mtu mwingine, akakipoteza kwa baharia, baharia akakipoteza kwa babu. Kisu kina miguu.

#44 DadaLeicester
Kwa bei: mimi niliuza cha George na malkia, picha safi, bapa limejaa, kwa pauni kumi na nane hapa. Ni kama elfu sitini hivi za huko. Laki na nusu kwa kisichojulikana ni cha mfalme gani ni bei ya mtu asiyejua, au anayejua kitu ambacho sisi hatujui. Mhuri wa kiwanda vipi? Hukumjibu Fundi #7.

Na ukiamua kukileta huku mwenyewe, kiweke kwenye begi la chini. Kikiwa kwenye begi la mkononi watakichukua pale uwanja wa ndege hata kama bapa ni fupi kuliko unyayo wa paka.

#45 MwanaMuheza
Kuna herufi kabla ya SHEFFIELD, zimeliwa. Ya kwanza ni R au P au B. Ya mwisho S. Kuna kitu juu yake kama nyota, au kutu.

#46 Mkunazini
RODGERS! Nilisema mimi!

#47 FundiKibokoni
Taratibu. Hata Richards ni R na S, na hao ndio walitoa visu vya ukumbusho vya bei rahisi kwa maelfu. Na nyota peke yake haitoshi, msalaba uko wapi? Piga picha karibu, mchana, bila mwanga wa simu.

#48 MtuWaMaskati
Leo Jumamosi. Vipi?

#49 MwanaMuheza
Jamaa kaja, kakaa barazani, kanywa chai, kisu hakipo. Shangazi alipita asubuhi akakichukua, anasema hakuna wa kumuuzia mgeni kisu cha baba yake. Nimemkuta kwake uani na beseni la machungwa, anamenya. Picha ya mhuri nitapiga akimaliza.

#50 Chuma_Chakavu
Kinakata lakini?

#51 MwanaMuheza
Ganda zima bila kukatika, mkuu.